Polisi wa Uingereza, kampuni za Marekani na grupu la familia

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kaka yangu yuko Minneapolis na ameshachukua uraia wa Marekani. Mama yuko Tanga. Tuna grupu letu la WhatsApp, na wote watatu tunatumia Gmail. Kazini nimeambiwa kwamba siku hizi polisi wa hapa wanaziandikia Google na WhatsApp moja kwa moja na kupewa kila kitu, bila jaji wa Marekani kuulizwa. Ni kweli? Na sisi watatu inatuhusu vipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ni kweli kwamba kampuni zinaandikiwa moja kwa moja na jaji wa Marekani haulizwi. Hilo la "kila kitu" si kweli. Na kati yenu watatu, mwenye kinga ndogo kuliko wote ni mama, ambaye haishi katika nchi yoyote kati ya hizo mbili. Hili linaniuma, na ndilo watu hawalisemi, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kwanza ujue walikotoka. Chukulia mtu ameuawa Leicester. Marehemu, mtuhumiwa na mashahidi wote ni wa Leicester, ila barua pepe za mtuhumiwa ziko Google, kampuni ya California. Sheria ya Marekani ya 1986 inaikataza kampuni kuipa serikali ya kigeni yaliyomo ndani ya ujumbe wa mteja. Basi mpelelezi aliandaa maombi, yakapita kwa waendesha mashtaka, yakafika Wizara ya Mambo ya Ndani London, yakavuka bahari hadi Wizara ya Sheria Washington. Huko akatafutwa mwanasheria wa serikali wa kuyapeleka mbele ya jaji wa shirikisho, naye jaji akayapima kwa sheria ya kwao. Akiridhika, hati inatoka, kampuni inatoa data, data inakaguliwa, kisha inaanza safari ya kurudi. Jopo lililoundwa na Rais Obama mwaka 2013 lilikuta maombi ya aina hii yanachukua wastani wa miezi 10 hivi. Mpelelezi wa kesi ya mtoto anayenyanyaswa hana miezi 10. Mwaka 2014 Waziri Mkuu David Cameron alimteua Sir Nigel Sheinwald, aliyewahi kuwa balozi Washington, azungumze na Wamarekani na hizo kampuni ili ipatikane njia fupi.

Wamarekani nao walikuwa na tatizo lao. Mwaka 2013 walipata hati ya mahakama ya kuchukua barua pepe kutoka Microsoft, kampuni yao wenyewe, ikawajibu kwamba barua hizo ziko kwenye seva Dublin na hati ya Marekani haifiki Ireland. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Kabla haijaamuliwa, Machi 2018, Bunge la Marekani likapitisha sheria inayoitwa CLOUD. Sheria hiyo ilimaliza ubishi wa Dublin kwa kusema kwamba kampuni inayobanwa na sheria ya Marekani itoe data popote ilipoihifadhi. Tena ikaruhusu Marekani kufunga mikataba na nchi inazoziamini, ili polisi wa nchi hizo waziandikie kampuni za Marekani wenyewe. Uingereza ikawa ya kwanza. Priti Patel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, na William Barr, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, walitia sahihi Washington tarehe 3 Oktoba 2019, na mkataba ukaanza kazi tarehe 3 Oktoba 2022. Australia ilifuata, wake ukaanza Januari 2024.

Sasa polisi wa Uingereza wanafanyaje? Wakitaka data iliyokwisha kuhifadhiwa, wanakwenda kwa jaji wa Mahakama ya Crown kuomba amri chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2019 kwa kazi hiyo. Kwa kawaida kampuni inapewa siku 7. Wakitaka kunasa mawasiliano yanapopita, hapo ni Sheria ya Mamlaka ya Uchunguzi ya 2016: kwa kawaida waziri anatia sahihi, na kamishna ambaye ni jaji lazima naye aridhie. Kabla ya kwenda kwa kampuni, amri inaambatanishwa na cheti cha mamlaka ya serikali kinachothibitisha kwamba inafuata mkataba, pamoja na mahali pa kuulizia. Kampuni ikiona kasoro inaweza kupinga, kwanza kwa Waingereza, kisha kwa serikali ya Marekani, na Marekani ikikubaliana nayo mkataba hautumiki kwa amri hiyo.

Amri lazima ihusu kosa kubwa, na mkataba unatafsiri kosa kubwa kuwa lile ambalo kifungo chake cha juu ni miaka 3 au zaidi. Usidhani ni ugaidi na mauaji tu. Wizi wa kawaida Uingereza una kifungo cha juu cha miaka 7, kwa hiyo nao umo. Mimi kiwango hiki nakiona cha chini mno.

Haya, nyinyi watatu. Mkataba haukulinda kila upande kwa kipimo kimoja. Waingereza hawaruhusiwi kuutumia kumlenga raia wa Marekani, mwenye ukazi wa kudumu wa huko, au mtu yeyote aliyeko ndani ya Marekani. Wamarekani hawaruhusiwi kuutumia kumlenga mtu aliyeko ndani ya Uingereza. Soma tena hapo: Mmarekani analindwa kwa uraia wake hata akiwa Nairobi, ilhali Mwingereza analindwa kwa mahali alipo tu, akipanda ndege kwenda Nairobi ameiacha kinga yake uwanjani Heathrow.

Kaka yako basi hawezi kulengwa na amri ya Uingereza kwa njia hii, awe Minneapolis au amekuja likizo Tanga. Wakitaka barua zake watarudi kwenye ile njia ndefu ya majaji wa Marekani. Wewe Waingereza wanaweza kukulenga, maana uko chini ya sheria yao, ila kwa amri ya jaji, au ya waziri pamoja na kamishna, kama nilivyoeleza. Ukilengwa wewe, aliyokuandikia kaka yako yatanaswa pamoja na yako. Mkataba unawataka Waingereza wapunguze na kufuta yasiyohitajika yanayomhusu, na wasiyarudishe kwa serikali ya Marekani isipokuwa pana madhara makubwa au tishio la madhara hayo.

Mama si raia wa Marekani, hayuko Marekani, hayuko Uingereza. Hayumo katika orodha ya wasiolengwa, si ya upande huu wala ya ule. Waingereza wakiwa na amri halali wanaweza kuiandikia Google kuhusu akaunti yake aliyoifungulia Tanga. Wamarekani hata mkataba hawauhitaji, kwa sababu Google ni yao na sheria zao wenyewe zinawatosha. Alichowekewa ni kipengele kimoja: amri ikimhusu mtu aliye nje ya nchi iliyoitoa na asiye raia wake, mamlaka husika za nchi aliyoko zitaarifiwa. Kisha kinafuata "isipokuwa": isipokuwa taarifa hiyo itadhuru usalama wa taifa au operesheni, itakwamisha uchunguzi, au itahatarisha haki za binadamu. Uchunguzi gani haukwami ukitangazwa? Tena anayearifiwa ni serikali, si mama. Nchi mbili zilikaa mezani, kila moja ikawatetea watu wake, na hapakuwa na mtu wa kumsemea wa tatu.

Si kwamba njia hii inatumika mara chache. Kwa taarifa ya Wizara ya Sheria ya Marekani kwa Bunge lake, katika miaka miwili ya mwanzo Uingereza ilituma amri zaidi ya 20,000, sehemu kubwa mno zikiwa za kunasa mawasiliano yanapopita. Marekani ilituma 63. Tofauti hiyo inatokana na kwamba kampuni kubwa ziko kwao.

Palipogongana maadili ya ndani waliwekeana breki. Data kutoka kampuni za Uingereza haitumiki kama ushahidi katika kesi ya Marekani yenye adhabu ya kifo bila ridhaa ya London, na ya kutoka kampuni za Marekani haitumiki London katika kesi inayogusa uhuru wa kusema bila ridhaa ya Washington. Ingekuwepo breki ya namna hiyo kwa wa nchi ya tatu, nisingekuwa na la kulalamikia.

Tuje kwenye "kila kitu". Kampuni inatoa kilicho mikononi mwake. Gmail yenu Google inaweza kuisoma, kwa hiyo inaweza kuitoa. Maneno ya kwenye grupu la WhatsApp yamefumbwa tangu kwenye simu yako hadi kwenye simu ya mama, kampuni yenyewe haiyaoni, na mkataba hauilazimishi kuyafumbua. Inaweza kutoa namba, majina ya wanagrupu, picha ya wasifu, na lini mmekuwa hewani. Penye tundu ni bakapu. Kama simu yako inapeleka nakala ya mazungumzo kila usiku kwenye Google Drive au iCloud bila kufumbwa, mlango wa mbele umefungwa lakini wa uani uko wazi. Na watu wa Uingereza mna shida ya ziada: Februari 2025 Apple iliacha kuwapa wateja wapya wa huko ulinzi wake wa juu wa iCloud, baada ya habari kuvuja kwamba serikali imeiamuru iweke njia ya kuufungua. Ugomvi ulifika Washington, na Agosti mwaka huo Tulsi Gabbard, mkuu wa ujasusi wa Marekani wakati huo, akatangaza kwamba London imekubali kuacha.

La kufanya jioni ya leo: fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio ya gumzo, kisha bakapu, uwashe bakapu iliyofumbwa na uandike nywila yake kwenye karatasi, maana ukiisahau hakuna wa kukurudishia. Kisha mpigie mama kwa video umwelekeze hatua kwa hatua, na kaka naye afanye. Simu moja ikibaki na bakapu wazi, maneno ya wote watatu yamo humo.

Siku ukiamini umechunguzwa kinyume cha sheria, lipo Baraza la Mamlaka ya Uchunguzi London, kulalamika ni bure. Mama naye asikate tamaa kwa kuwa mbali. Septemba 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, katika kesi ya Wieder na Guarnieri, kwamba waliokuwa wakiishi nje ya Uingereza wanaweza kuidai faragha yao pale mawasiliano yao yaliponaswa ndani ya Uingereza. Amri inayokwenda California ni jambo tofauti kidogo, na wakili wa upande wa pili atalishikilia hilo, lakini mimi ningeanzia kwenye hukumu hiyo.