Rangi ya DNA: hupakwa au hutiwa?

Swali: Natafsiri mwongozo wa utafiti wa maabara hapa Bagamoyo. Nimeandika: "Paka rangi ya kung'aa kwenye DNA ya VVU. VVU vikiakisi kijani, vipo." Mwenzangu anakikataa kitenzi "paka". Nani kapatia?

Jibu: Mwenzako kapatia, ila amekomea kwenye kosa dogo.

Kupaka ni kwa juu. Jahazi hupakwa shahamu. Ukindu wa mkeka hutiwa rangi, maana huchemshwa nayo mpaka ikolee ndani. SYBR Green I, rangi ya DNA ya aina unayoisema, nayo hujipenyeza kati ya vipago vya ile ngazi ya nyuzi mbili za DNA. Andika "tia".

"Akisi" nalo liondoke. Kioo huakisi: mwanga ulioingia ndio unaorudi. Rangi hii humeza mwanga wa buluu wa nanomita 497 hivi, ikatoa wa kijani wa karibu 520. Wala si kama kimulimuli, anayewaka gizani bila kumulikwa. Na "rangi ya kung'aa" peke yake ni ya fundi wa kupaka kuta. Sema "rangi ing'aayo ikimulikwa". Ni refu, lakini halipotoshi.

Kosa zito ni kusema VVU ndivyo ving'aavyo. Chembe ya VVU hubeba RNA, ndugu ya DNA, si DNA yenyewe. Kimeng'enya huinakili kwanza kuwa DNA, ndipo DNA hiyo izidishwe kwa PCR (njia ya kunakili DNA tena na tena). Tena rangi hii haichagui: hung'aa penye DNA yoyote ya nyuzi mbili, hata vianzio (vile vipande vifupi vya kuanzishia unakili) vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe. Ndiyo maana baada ya PCR joto hupandishwa polepole, tuseme kutoka nyuzijoto 60 hadi 95, na kuangaliwa mng'ao unaporomoka kwenye joto gani, yaani nyuzi mbili zinapoachana. Vianzio vilivyoshikana ni vifupi, huachana mapema. Weka pia kichupa chenye maji badala ya sampuli. Kikitoa mng'ao wa DNA ileile unayoitafuta, kuna uchafuzi.

Basi andika: "Tia rangi ing'aayo ikimulikwa. DNA iking'aa, linganisha joto la kuachana kwake na la sampuli ya VVU inayojulikana." Na usizidishe rangi, kwani ikizidi huzuia kimeng'enya.

Mwongozo ukifika kwenye kuhifadhi, usiseme rangi "huchujuka". Kanga huchujuka kwa kufuliwa. Rangi hii hufifia kwa mwanga, hivyo kichupa kifunikwe kwa foili.