Lupasi kwenye figo: msikatae bayopsi

Ndugu uliyeuliza kuhusu dadako: umesema daktari anataka kutoa kipande cha figo kikapimwe, yaani bayopsi, na shangazi zenu wanasema figo ikishadungwa imekwisha. Nina ugonjwa huohuo wa lupasi, naishi hapa Kayole, Nairobi, na bayopsi nilifanyiwa. Tafadhali msikatae.

Kwenye lupasi, kinga ya mwili inageukia mwili wenyewe. Inatengeneza kingamwili zinazoshambulia hata vilivyomo ndani ya seli zetu, nazo zinanasa kwenye vichujio vya figo, ambavyo ni vidogo mno, kama milioni moja kila figo. Hapo panavimba, kichujio kinaharibika, protini na damu vinapenya hadi kwenye mkojo. Ndiyo maana dadako anaona povu lisiloisha na miguu imemvimba. Hakuna aliyemroga, na si kosa lake. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa lupasi ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Mimi nilitibiwa taifodi katika kliniki moja ya mtaani, tena na tena, kabla mtu hajafikiria kunipima mkojo.

Bayopsi yenyewe iko hivi. Unalala kifudifudi, unachomwa ganzi mgongoni chini ya mbavu, daktari anaitafuta figo kwa altrasaundi. Unaambiwa ubane pumzi, unasikia "ta!", na sindano imeshatoka na kiuzi chembamba cha nyama. Mimi ule mlio ulinishtua kuliko maumivu. Baadaye unalazwa chali kwa saa kadhaa, muuguzi anapima presha na kuangalia kama mkojo una damu. Hatari kubwa ni kuvuja damu, kwa hivyo presha hutulizwa kwanza na damu hupimwa kama inaganda vizuri. Kama anameza aspirini, daktari aambiwe mapema.

Haya yote ni kwa sababu lupasi ya figo ina madaraja 6. La 3 na la 4 huhitaji dawa kali haraka. La 6 ni makovu matupu, na dawa hizo hazirudishi figo. Vipimo vya damu na mkojo peke yake haviwezi kukuambia uko daraja gani.

Akianzishiwa predinisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, uso utamvimba na njaa itamsumbua. Asiiache ghafla hata akijisikia mzima, maana mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Hupunguzwa polepole na daktari. Akipewa maikofenoleti, dawa nyingine ya kupunguza nguvu ya kinga, apange uzazi, inadhuru mimba. Haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya lupasi, inataka macho yapimwe. Na diklofenaki, dawa za maumivu, za kununua tu dukani akiumwa viungo, hapana kabisa, zinaumiza figo.

Kila kliniki aulize protini ya mkojo na kreatinini (uchafu wa damu unaoonyesha figo inachuja vipi) ni ngapi, aandike kwenye daftari.

Shangazi wakitaka kumsikia mtu aliyedungwa, niandikie faraghani. Nitawapigia mwenyewe.