Kupima soko la ofisi za pamoja Mikocheni

Kwa uliyeuliza kama Mikocheni, Dar es Salaam, ina wateja wa kutosha wa ofisi za pamoja (watu tofauti wanakodi meza kwenye ofisi moja): usiwaulize watu "ungependa?" maana karibu kila mtu atasema ndiyo. Uliza wanafanyia wapi kazi sasa, na mwezi uliopita walilipa kiasi gani kwa pango, bando na Luku.

Kisha lipia siku moja kwenye kila ofisi ya aina hiyo iliyo karibu. Nenda Jumanne saa 4 asubuhi, rudi Ijumaa saa 9 alasiri, uhesabu meza zenye watu.

Hesabu yenyewe: tuseme gharama zote ni shilingi 6,000,000 kwa mwezi na kila meza unaikodisha kwa 250,000 kwa mwezi. Unahitaji meza 24 zilizolipiwa. Ukiwa na meza 30, ni lazima 80% zijae kila mwezi ili usile hasara, na mwaka wa kwanza hilo ni gumu sana. Tafuta pango la chini, au ongeza chumba cha mikutano cha kukodi kwa saa.

Wapo pia wasiohitaji meza kabisa. Wanataka anuani na mkataba wa pango wa kupeleka TRA (Mamlaka ya Mapato). Hakikisha mwenye jengo anakuruhusu kupangisha wengine.

Kabla hujasaini mkataba wa jengo, pata watu 10 watakaolipa mwezi wa kwanza, kwa maandishi kwamba watarudishiwa usipofungua. WeWork, kampuni ya Marekani ya ofisi za pamoja, ilipoomba kinga ya mufilisi Novemba 2023, mzigo mkubwa ulikuwa mikataba mirefu ya pango, huku wateja wengi wakiwa wa muda mfupi.