Namba imekatwa na msomaji, si na JSON
Ndugu, umeuliza kwa nini 9007199254740993 inatoka Python salama ndani ya JSON (maandishi ya kupitishia data kati ya programu), halafu kwenye kivinjari inasomeka mwisho 992. JSON haina kosa, yenyewe haiwekei namba kikomo. Ni JavaScript: ikisoma JSON, kila namba inaigeuza kuwa ya nukta inayoelea ya biti 64 (double), na ukishapita 2^53 namba witiri zinaanza kurukwa. Itume kama maandishi, "9007199254740993", kule uisome kwa BigInt, aina ya namba kamili ya JavaScript isiyo na kikomo hicho. Na theluthi usitume 0.3333 jamani, tuma kiasi na asili, ["1","3"].

Ila kinachoniumizaga kichwa zaidi ni maana, si tarakimu. math.log ya Python, yaani logi, ni ya besi e, LOG ya Excel usipoitajia besi inachukua 10. Ukituma "log" tupu kila programu inaelewa lake. OpenMath, kiwango cha kupitishia hisabati kati ya programu, walilishughulikia hilo: kila alama inataja kamusi yake, na log ya kamusi yao iitwayo transc1 lazima ipewe besi. XML yao, yaani maandishi wanayoandikia hayo, ni ndefu balaa, usiibebe yote. Hilo la kamusi tu, liige.