Jaketi la kuzamia: anza na risasi kwanza

Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nikizamia Mnemba na kilo 10 za risasi kiunoni, yaani vipande vya madini mazito vya kukuzamisha, na nikaona ndiyo sawa. Aliyenifundisha alipenda tushuke haraka. Ukimtwisha mwanafunzi risasi nyingi anazama kama chubwi, na kazi yako inakuwa rahisi. Ami mmoja tuliyefanya naye kazi botini Nungwi, mvuvi wa zamani, alinitazama nikijikokota kupanda ngazi akaniuliza, "Mwanangu, wewe unakwenda kuzamia au kutia nanga?" Siku ile akanipunguzia kilo 2, kesho yake 2 nyingine. Leo, kwa mtungi wa alumini na nguo ya mpira ya milimita 3, nashuka na kilo 5.

Naanza na risasi kwa sababu wengi wanaoniuliza wanunue jaketi gani, lile la kujaza hewa ili uelee, ugonjwa wao haumo kwenye jaketi. Kila kilo usiyoihitaji itabidi uibebe kwa hewa, karibu lita 1 ndani ya jaketi, na hewa hiyo haitulii. Mita 10 chini presha ni mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo ukipanda hewa inatanuka. Mwenye kilo 4 za ziada ana lita 4 za kuzibeba pale mita 10. Akifika mita 5, anapotakiwa asimame dakika 3 kwa usalama kabla ya kutoka majini, zimekuwa lita 5 na ushei. Zinamvuta juu pale pale anapotakiwa atulie. Ndio hao unaowaona wamekumbatia kamba ya boya kama mtu aliye juu ya mnazi wakati wa kusi.

Pima mwisho wa mbizi, si mwanzo. Hewa nayo ina uzito. Ukibaki na bar 50 za presha mtungini umeshavuta kama kilo 2, na mtungi wa alumini sasa unataka kuelea. Basi hapo hapo kando ya boti, toa hewa yote kwenye jaketi, acha kupiga mapezi, vuta pumzi ya kawaida uishike. Maji yakisimama usawa wa macho, na ukitoa pumzi ukaanza kuzama taratibu, umepata. Kushika pumzi ni hapo juu tu. Chini ya maji usiishike kamwe.

Sasa jaketi. Kuna linalojaa hewa mpaka ubavuni, na kuna ambalo hewa yote imo mgongoni. La mgongoni linakulaza vizuri chini, miguu haigusi matumbawe, na mimi ndilo ninalolivaa. Ila juu ya maji ukilijaza mno linakusukuma uso mbele, na pale Leven Bank, mwamba ulio kaskazini mwa Unguja, bahari ikichafuka, ukingoja boti, utalilaani. Anayeanza namshauri la ubavuni. Bei na mifuko visikubabaishe: livae, lijaze mpaka vali ya kuachia hewa ya ziada ilie, halafu vuta pumzi ndefu. Likikubana kifua, liache. Kisha mwenzako alinyanyue kwa mabega. Likikufika masikioni, ni kubwa. La mtumba lijaze jioni, ulitazame asubuhi. Likilegea, linavuja.

Kutoa hewa ndiko kunakowashinda wengi. Mtu amelala kifudifudi, anabonyeza kitufe cha kutolea, hakitoki kitu, anazidi kupanda. Hewa hukimbilia palipo juu. Simama wima kwanza, nyanyua bomba la jaketi lenye vitufe juu ya kichwa, ndipo ubonyeze. Ukiwa umeinamisha kichwa, vuta ile kamba ya vali ya nyuma, karibu na kiuno. Na baada ya kila kitendo ngoja kidogo, mwili hauitiki papo hapo.

Kitufe cha kujazia nacho kiheshimu. Niliwahi kuazima jaketi ambalo halikusuuzwa siku kadhaa. Mita 14 nikakibonyeza kidogo tu, kikanasa kwa chumvi, hakikurudi. Nikasikia shiii isiyokatika, matumbawe yakaanza kwenda chini. Kilichoniokoa ni zoezi la Ami: chomoa kwanza bomba linaloleta hewa kutoka mtungini, kisha toa hewa, na uwe unapumua nje muda wote. Nilipolichomoa, kompyuta ya kuzamia niliyovaa mkononi ilisoma kina cha mita 8. Fanya zoezi hilo nyumbani, umefumba macho, mpaka vidole vijue njia vyenyewe.

Ukirudi tia maji baridi, yasiyo ya chumvi, ndani ya jaketi, si kulimwagia nje tu. Litikise, ligeuze, yamwage yote, na ubonyeze vitufe maji yakipita. Kisha lijaze hewa nusu, ulianike kivulini. Langu hutundikwa barazani, na jirani akipita usiku hulitolea salamu.