Nazi Ambazo Sikuziandika: Kwa Wanaoanza Biashara ya Kuoka

Vijana wanaokuja kwenye bekari yetu kuomba ushauri huanza na mtaji: wanao kiasi gani, wanataka kukopa kiasi gani, oveni ya bei gani inawafaa. Mimi huwauliza kwanza kama waliwahi kuuza chochote wakiwa watoto, na wakisema ndiyo, huwaomba wanieleze hesabu yake ilivyokuwa. Wengi hushangaa, lakini nimeajiri watu na nimeshirikiana na watu kwa muda wa kutosha kuamini kwamba namna mtu alivyoshika fedha zake za mwanzo, hata kama zilikuwa sarafu chache tu, ndiyo namna atakavyoelekea kushika fedha za biashara mpaka ajitazame na kujirekebisha. Nayasema haya kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe.

Nilizaliwa Tanga, nikakulia Ngamiani, kule ambako barabara huitwa kwa namba. Mwaka 1996, Ramadhani ilipoangukia Januari na Februari, nilikuwa darasa la tano, na nikaomba ruhusa ya kuoka mkate wa kumimina nyumbani na kuuuza kwa vipande alasiri, watu wanapotafuta cha kufuturu. Mchele uliolowekwa tangu usiku ulitwangwa kinuni ungali na unyevu, ukachekechwa, ukachanganywa na tui zito, sukari, iliki na hamira, kisha bakuli likafunikwa kitambaa mpaka mchanganyiko uumuke na kutoa vitundu juu. Sufuria ilipakwa mafuta, ikaachwa ipate moto sawasawa, ndipo mchanganyiko ukamiminwa kwa mkupuo mmoja; ukisikia ule mlio wa kuchachatika unajua upande wa chini umeanza kushika. Halafu makaa mengine yaliwekwa juu ya bati lililofunika sufuria, na kazi yangu ilikuwa kukaa hapo, bila kwenda kucheza, nikipunguza moto wa chini na kuongeza wa juu mpaka uso ubadilike rangi. Mkate mmoja nilikuwa nikiukata vipande 12, kila kipande shilingi 50.

Hesabu yangu niliiandika nyuma ya daftari la Sayansi. Mauzo ya mkate mmoja yalikuwa shilingi 600. Mchele, sukari, hamira na iliki vilinigharimu 300. Zilibaki 300, na kwa mtoto wa umri wangu hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Jioni moja baada ya futari nilimsomea Bibi ukurasa huo kwa fahari kubwa. Bibi hakujua kusoma, ila alikuwa ameuza samaki wa kukaanga kwa miaka mingi, na hesabu zake zote zilikaa kichwani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, “Mke mwenzangu, na nazi zangu umeziandika wapi?”

Sikuwa nimeziandika. Nazi mbili za kila mkate zilitoka kwenye minazi yake, mkaa ulikuwa wa Mama, na mafuta niliyachota jikoni. Tulikaa wawili tukavipa vitu hivyo bei ya sokoni: nazi 100, mkaa 100, mafuta 30. Kile nilichokiita faida ya 300 kilishuka hadi 70, na humo hakukuwa na hata senti moja ya malipo ya saa nilizokaa mbele ya makaa. Nililia usiku ule. Kesho yake nilipandisha bei ya kipande hadi 60, nikapoteza wateja wawili watatu, wengine wakabaki, na ule mkate ukaanza kuacha faida ya kweli.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wale wanaosema kwamba mtoto anayeuza maandazi au kashata tayari “amezaliwa na biashara”. Kazi ile ya utotoni hutabiri mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili yanapaswa kusomwa. Inatabiri tabia: uvumilivu wa kukaa na moto, uwezo wa kumkabili mtu mzima ukamwambia bei bila kutetereka, na hamu ya kuuliza kilichobaki ni kiasi gani. Lakini pia hutabiri kosa, kwa kuwa biashara ya mtoto hubebwa na nyumba nzima, naye haoni anavyobebwa. Wengi tunakua na kosa hilohilo. Mtu anafungua bekari kwenye banda la baba yake bila kodi, mdogo wake anasaidia kufunga mikate bila mshahara, umeme unalipwa pamoja na wa nyumbani, na mwisho wa mwezi anatangaza faida. Siku atakapohamia fremu ya kupanga ndipo atakapogundua kwamba alikuwa akiuza kwa hasara tangu siku ya kwanza. Said Salim Bakhresa, ambaye unga wa kampuni yake umo katika mikate mingi tunayokula, alianza na biashara ndogo ya chakula jijini Dar es Salaam miaka ya 1970, na watu hupenda kusimulia udogo wa mwanzo wake. Mimi humwambia anayeanza atazame zaidi safari iliyofuata, kutoka chakula hadi kusaga unga wenyewe, kwa kuwa hatua ya namna hiyo haichukuliwi na mtu asiyejua kila kiambato kinamgharimu kiasi gani.

Somo la pili lilinigharimu zaidi, na nililipata nikiwa mtu mzima, ingawa dalili zake zilikuwapo tangu Ngamiani. Nikiwa mtoto sikuweza kumkatalia mteja aliyesema atalipa kesho. Miaka mingi baadaye, bekari ilipokuwa na miezi michache tu, mgahawa mmoja ulichukua mikate kila asubuhi kwa ahadi ya kulipa mwisho wa wiki, wiki ikawa mwezi, nami niliendelea kupeleka kwa sababu kusimamisha kulionekana kama kuvunja urafiki. Nilipokosa fedha za kununua unga ndipo nilipoacha. Deni lile halikulipwa mpaka leo. Tangu hapo kila mteja wa mkopo ana kikomo kilichoandikwa, na akikifikia, mzigo unaofuata unatoka kwa fedha taslimu, awe ni nani.

Kuhusu kupima, nitasema jambo moja tu kwa mkazo. Bibi alipima kwa kikombe cha bati, na mkono wake ulijua. Wewe nunua mizani. Kikombe kilekile cha unga wa ngano kinaweza kubeba gramu 120 ukiuchota kwa wepesi na zaidi ya gramu 150 ukiushindilia, na tofauti hiyo, ukizidisha kwa mikate 200 kwa siku, inakula faida yako na kubadilisha mkate wako. Andika kila kitu kwa uwiano wa unga: kwa kilo 10 za unga, chumvi gramu 180, sukari kilo 1.5, na kadhalika, ili ukipata oda kubwa usikisie. Hamira nayo haitaki maji ya moto, kwani ikifikia karibu nyuzi joto 60 hufa, na katika joto la Pwani unga huumuka haraka kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyosema, hivyo utazame unga wenyewe ulivyoumuka, usitegemee saa peke yake.

Makaratasi usiyaogope wala usiyaahirishe. Hapa Tanzania jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, kazi iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule. Kama ni mdogo kabisa, anzia ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Shirika hilo limekuwapo tangu 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, na maofisa wake watakuelekeza mlango wa kufuata.

Kabla ya hayo yote, wiki hii, chukua karatasi uandike kila kitu unachokipata bure katika biashara yako: chumba, jiko, gari la mjomba, mikono ya wadogo zako, na saa zako mwenyewe. Nenda kwa kila mmoja umuulize kwa heshima kitu chake kina bei gani, uiandike bei hiyo hata kama hatakubali kulipwa. Baba yangu mdogo, aliyenipa chumba cha kwanza cha bekari, alikataa kodi kwa miaka miwili, lakini mimi niliiweka kando kila mwezi katika akaunti tofauti. Alipohitaji chumba chake, akiba ile ndiyo iliyolipa miezi sita ya kwanza ya fremu mpya, na bei ya mkate haikubadilika hata shilingi moja.