Mama mkwe kapewa daraja la 3 Ujerumani, tuchukue hela au waje wauguzi?

SWALI: Shikamoo dada. Mie Mzanzibari nimeolewa huku Ujerumani. Mama mkwe ana miaka 84, alianguka mwaka jana na tokea hapo miguu haina nguvu na kumbukumbu nayo inakwenda. Bima ya matunzo ya huku wamempa Pflegegrad 3, yaani daraja la 3 la kuhitaji matunzo, barua inasema tuchague hela au shirika la wauguzi. Nafanya kazi nusu siku dukani, kumuogesha na kumvisha ni mimi. Wifi yangu anasema hela ni ya mama, mie sina changu hapo. Tuchukue ipi? Na mbona rafiki yangu aloolewa Japan anasema kwao hela hazitolewi kabisa? Mamangu mzazi yuko Unguja, naye naweza kumuombea hela hizi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, maana hiyo kazi mi ndo naifanya kila siku nazunguka majumbani kwa wazee, na mimi nalipwa na saa zangu zikiisha naondoka.

Nianze na wifi. Kisheria yuko sahihi, Pflegegeld, yaani hiyo hela taslimu ya matunzo, inaingia kwa jina la mgonjwa na yeye ndo anaamua ampe nani, ila imewekwa ili ampe anayemhudumia, kwahiyo kama wifi haji kuogesha basi na yeye hana chake hapo. Kaeni na mumeo muandikiane hata karatasi moja.

Sasa mahesabu. Daraja la 3 hela taslimu ni euro 599 kwa mwezi (viwango vya 2025), lakini ukichagua shirika, bima inawalipa wao mpaka euro 1,497. Umeona hiyo tofauti? Kazi ni ile ile, akiifanya mgeni ina thamani mara mbili na nusu ya ukiifanya wewe. Na bado watu wengi wanachukua hela, mwisho wa 2023 wagonjwa wa namna hii walikuwa kama milioni 5.7 Ujerumani nzima na milioni 3.1 kati yao walikuwa wanahudumiwa na ndugu tu kwa hela hiyo. Serikali inaokoa sana hapo, tusidanganyane.

Ila barua nyingi hazielezi vizuri kwamba si lazima uchague moja. Kuna ya kuchanganya, inaitwa Kombinationsleistung, unawaambia shirika waje asubuhi tu, wamuogeshe na kumvisha, tuseme bili yao imefika asilimia 40 ya ile 1,497 yaani kama euro 599, basi asilimia 60 ya hela taslimu inabaki kwenu, ni kama euro 359. Kwa hali yako, unaenda dukani asubuhi na mgongo ni mmoja, mi ningechukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Juu yake kuna euro 131 kila mwezi za mtu wa kusaidia usafi au kumpeleka matembezi, hizo hawakupi mkononi, unapeleka risiti, na ipo bajeti ya euro 3,539 kwa mwaka za kumlipa mtu akushikie zamu ukiumwa au ukisafiri.

Kingine ambacho wakwe wa kike tunakiacha mezani ni pensheni yako wewe. Kama unamhudumia angalau saa 10 kwa wiki, zikigawanyika siku mbili au zaidi, na kazi yako ya mshahara haizidi saa 30 kwa wiki, bima inakuwekea michango ya uzeeni. Waambie wakuletee fomu, jaza jina lako, usijaze la mumeo eti kwa sababu mama ni wake.

Rafiki yako wa Japan hakosei. Bima yao ilianza Aprili 2000 na kabla ya hapo walibishana sana kuhusu hili la hela, vikundi vya wanawake vikapinga, maana kwa mila zao mke wa mtoto mkubwa wa kiume ndo alikuwa anabeba wakwe, wakaona ukileta hela nyumbani utakuwa umemfungia mkwe chumbani kwa mgonjwa maisha yake yote na akilalamika ataambiwa si unalipwa. Kwahiyo kule unachangia kuanzia miaka 40, mzee anapimwa anawekwa kwenye ngazi moja kati ya 7, anapewa meneja wa kumpangia wahudumu, na wengi wanalipia asilimia 10 tu ya gharama. Denmark nao mhudumu analetwa na manispaa, na huo msaada wa kudumu ni bure. Mi nawaonea wivu hao wa Japan kwa ule mjadala, huku kwetu mkwe hakuulizwa na mtu.

Mama wa Unguja hapana, hii bima ni ya anayechangia Ujerumani. Zanzibar ipo ile pensheni jamii ya wazee waliofika miaka 70, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadae ikapandishwa, mtu akamsajili kwenye shehia kama hajasajiliwa. Hiyo ni ya kula tu, mhudumu haipo.

Mwisho kuhusu daraja lenyewe. Mkaguzi wa bima anakuja kumpima mzee kwa pointi, daraja la 3 linaanzia pointi 47.5 kati ya 100 na la 4 linaanzia 70, na kujihudumia mwenyewe (kuoga, kula, choo) ndo kuna uzito wa asilimia 40. Shida ni kwamba siku mkaguzi anakuja mzee anajikaza, anavaa gauni zuri, anasema napika mwenyewe, wakati jana kaacha jiko linawaka, basi pointi zinapotea. Kama mmeona hajapimwa sawa mna mwezi mmoja wa kuandika pingamizi tokea barua ifike. Kama mwezi umeshapita na hali imezidi, ombeni apimwe upya, ila kwanza kaa wiki mbili uandike kwenye daftari kila alichoshindwa na saa ngapi, usiku kaamka mara ngapi, pampasi ngapi, na siku ya mkaguzi uwepo wewe, usimuachie wifi.